Bima Hufuata Tukio, Haimfuati Mchezaji: Ulipaji wa Gharama za Tiba kwa Wanamichezo wa Kiwango cha Juu Wanaoumia Nje ya Nchi Zao

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna gharama za matibabu zinavyolipwa pale mwanamichezo wa kiwango cha juu anapoumia akiwa nje ya nchi yake. Imejengwa juu ya visa vitatu vinavyojulikana hadharani: kisa cha Sarah Burke, mchezaji wa Kanada wa kuteleza kwenye theluji aliyeumia Marekani mwaka 2012, kisa cha Magomed Abdusalamov, bondia wa Urusi aliyeumia New York mwaka 2013, na kisa cha Abdelmajid Oulmers, mwanasoka wa Morocco aliyeumia mwaka 2004 akiwa ameajiriwa na klabu ya Ubelgiji. Hoja kuu ni kwamba kinga ya bima katika michezo ya kimataifa hufungwa kwenye tukio, yaani mashindano, mkataba au wito wa timu ya taifa, na haifungwi kwenye mwili wa mchezaji. Kwa sababu hiyo, mtu yule yule, akifanya kitendo kile kile, anaweza kuwa na kinga kamili leo na kesho asiwe nayo kabisa. Makala inamalizia kwa kuonesha maana ya hali hiyo kwa wanamichezo wa Afrika Mashariki wanaoshindana ughaibuni.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwanariadha wa Tanzania John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, kisha akaendelea hadi mwisho wa mbio. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama mfano wa ujasiri na utii kwa taifa. Jambo ambalo masimulizi hayo hayaligusi ni la kawaida zaidi: mchezaji anapoumia ugenini, nani humtibu, na nani hulipa? Kwa jeraha la goti lililofungwa kando ya barabara, swali hilo ni jepesi. Kwa jeraha la ubongo linalohitaji upasuaji, mashine ya kupumulia na siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi, swali hilo linaweza kuiachia familia deni lisilolipika maishani.

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji mashuhuri analindwa vizuri kuliko msafiri wa kawaida. Hutazama medali, mavazi yenye nembo za wafadhili na bendera ya taifa, wakahitimisha kwamba nyuma ya vitu hivyo yupo mlipaji. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mlipaji mara nyingi yupo, lakini kila mmoja wa walipaji wanaotarajiwa amejiwekea mpaka, na mipaka hiyo haikupangwa ili ikutane. Makala hii inaitazama mipaka hiyo, inaonesha mahali inapoacha mwanya, na kueleza kwa nini mwanya huo huangukia mazoezi na matukio ya kibiashara zaidi kuliko mashindano rasmi.

2.0 Matabaka ya Ulipaji

Ili kuelewa visa vinavyofuata, ni vema kwanza kutofautisha vyanzo vitano vya malipo. Vyanzo hivi huweza kuitwa matabaka, kwa kuwa kwa kawaida kimoja hutazamwa kwanza, na kikishindwa, kingine hufuata.

Tabaka la kwanza ni bima ya afya ya nchi anakotoka mchezaji. Mifumo hii imejengwa kwa ajili ya hospitali za nyumbani na bei za nyumbani. Inapovuka mpaka, hupungua nguvu. Katika Umoja wa Ulaya, kadi ya bima ya afya iliyoanza kutumika mwaka 2004 humwezesha raia wa nchi mwanachama kupata tiba ya lazima katika hospitali za umma za nchi mwanachama nyingine kwa masharti ya wenyeji, lakini hailipii hospitali binafsi wala kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao. Nchini Kanada, sheria ya afya ya mwaka 1984 inazitaka serikali za majimbo zimlipie mkazi anayetibiwa nje ya nchi, ila kwa kiwango kinacholingana na bei za jimbo lake. Kwa vitendo kiwango hicho ni kidogo sana. Jimbo la British Columbia hulipa hadi dola 75 za Kanada kwa siku kwa mgonjwa wa dharura aliyelazwa ng'ambo. Ontario hulipa hadi dola 400 kwa siku kwa huduma za ngazi ya juu. Mwaka 2020 Ontario ilijaribu hata kuufuta mpango huo, na mahakama ikaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka sheria ya taifa.

Tabaka la pili ni bima ya shirikisho la mchezo au ya timu ya taifa. Hii humlinda mchezaji anapokuwa katika shughuli iliyoidhinishwa na shirikisho: mashindano yaliyomo katika kalenda, kambi ya timu, safari iliyopangwa na viongozi. Neno la msingi hapa ni idhini.

Tabaka la tatu ni mwajiri. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira, kama mwanasoka wa klabu ya kulipwa, hulindwa na sheria za ajali kazini na kwa bima ambayo klabu humkatia. Wachezaji wa michezo ya mtu mmoja mmoja, kama riadha, tenisi, ndondi na michezo ya theluji, kwa kawaida hawana mwajiri wa namna hii. Wana wafadhili na mawakala, na mkataba wa udhamini si mkataba wa ajira.

Tabaka la nne ni mwandaaji wa mashindano. Katika Michezo ya Olimpiki, mji mwenyeji huandaa zahanati kubwa ndani ya kijiji cha wachezaji, na huduma zake hutolewa bila malipo kwa wenye vitambulisho. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 2012: ilirekebisha kanuni za malipo ya wageni katika hospitali za umma ili wachezaji na maofisa wenye vitambulisho vya michezo ya London wasitozwe katika kipindi cha michezo. Kinga ya aina hii ni pana, lakini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Tabaka la tano ni bima ya safari ambayo mchezaji hujinunulia mwenyewe. Hati nyingi za kawaida za bima hii zimeandikwa kwa ajili ya mtalii na mfanyabiashara. Katika orodha ya mambo yasiyokingwa, michezo ya kulipwa, mashindano ya kasi na michezo ya hatari hutajwa mara kwa mara. Mchezaji anaweza kununua hati hiyo kwa nia njema, akasafiri nayo, na akagundua kwamba imemkinga dhidi ya kila kitu isipokuwa kazi yake.

Chini ya matabaka haya yote lipo tabaka la sita lisiloandikwa katika mkataba wowote, nalo ni mchango wa umma, au harambee.

3.0 Kisa cha Sarah Burke: Mazoezi Yasiyo na Mwenyewe

Sarah Burke alizaliwa Kanada mwaka 1982 na akawa miongoni mwa wachezaji waliojenga mchezo wa kuteleza kwa mitindo katika mfereji wa theluji, yaani mtaro mkubwa wenye kuta mbili zilizoinuka ambapo mchezaji huruka juu ya ukingo, hujizungusha hewani na kutua tena. Alikuwa mstari wa mbele kudai mchezo huo uingizwe katika Olimpiki kwa wanawake na wanaume, na mwezi Aprili 2011 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliukubali kwa ajili ya michezo ya Sochi ya mwaka 2014. Burke alitazamiwa na wengi kuwania dhahabu ya kwanza.

Tarehe 10 Januari 2012, akiwa mazoezini katika kituo cha Park City, jimbo la Utah, aliruka na kutua vibaya. Ateri moja ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo ilipasuka, damu ikavuja, na moyo ukasimama. Alipelekwa kwa ndege katika hospitali ya chuo kikuu mjini Salt Lake City, akafanyiwa upasuaji, na akafariki tarehe 19 Januari kutokana na ubongo kukosa hewa ya oksijeni.

Katika siku hizo tisa, kila tabaka lililoelezwa hapo juu lilijaribiwa, na karibu kila moja lilikuwa na sababu halali ya kutofika. Burke alikuwa mkazi wa British Columbia. Kwa kiwango cha dola 75 kwa siku, siku tisa za kulazwa zinafikia dola 675 za Kanada, mbali na malipo ya madaktari yanayokokotolewa kwa bei za jimbo. Shirikisho la Kanada la mchezo wake lilikuwa na bima kwa wachezaji wa timu ya taifa, lakini mazoezi ya siku ile yalikuwa sehemu ya shughuli iliyoandaliwa na mfadhili binafsi wa kibiashara na hayakuwa shughuli ya shirikisho. Hivyo bima ya shirikisho haikuyagusa. Mwajiri hakuwapo. Mwandaaji wa mashindano hakuwapo pia, kwa kuwa yalikuwa mazoezi.

Hapa panahitaji maelezo ya upande wa hospitali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu tiba ya dharura inazilazimisha hospitali zenye idara za dharura, zinazopokea fedha za mpango wa afya wa serikali kuu, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kwanza kuuliza kama ana uwezo wa kulipa. Kwa hiyo Burke hakukosa tiba. Hata hivyo, sheria hiyo hailipi ankara. Inaahirisha tu swali la fedha hadi baada ya tiba. Aidha, hospitali za Marekani huwa na orodha ya bei ambazo kampuni za bima hazilipi kama zilivyo, kwa kuwa kampuni hizo hujadiliana na kupata punguzo. Mgonjwa asiye na kampuni nyuma yake hukutana na bei ya juu kabisa. Ndiyo maana makadirio ya kwanza yaliyotangazwa kwa umma yalitaja takriban dola 550,000 za Marekani, na baadaye ikaelezwa kwamba kiasi halisi kilikuwa pungufu sana ya hapo.

Familia na marafiki walifungua mchango kwenye intaneti. Katika muda wa siku chache zilipatikana zaidi ya dola 300,000 kutoka kwa wapenzi wa mchezo duniani. Matokeo hayo yanaonesha ukarimu, lakini mtafiti anapaswa pia kuona yanachoficha. Mchango ulifanikiwa kwa sababu aliyeumia alikuwa Sarah Burke. Mchezaji wa nafasi ya arobaini duniani, anayefanya mazoezi katika mfereji ule ule na kukabiliwa na hatari ile ile, asingepata hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Tabaka la harambee hugawa fedha kwa kipimo cha umaarufu wa mgonjwa, wala si kwa ukubwa wa jeraha.

Ni muhimu pia kulinganisha na kipato. Wakati huo posho ya serikali ya Kanada kwa mchezaji wa timu ya taifa ya wakubwa ilikuwa dola 1,500 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, dola 200,000 ni posho ya zaidi ya miaka kumi na moja. Mchezaji wa namna hii hawezi kubeba hatari hiyo mwenyewe. Wala haiwezi kudaiwa kwamba aliibeba kwa hiari, kwa kuwa bila mazoezi kwenye mifereji mikubwa ya kigeni asingeweza kubaki katika timu ya taifa.

Kutokana na kisa hiki inatoka hoja ya msingi. Mruko alioufanya Burke siku ile ungeweza kufanywa katika kambi ya shirikisho, na ungekuwa na kinga. Ungeweza kufanywa Sochi miaka miwili baadaye, na ungekuwa na kinga nyingine. Mchezaji alikuwa yule yule na hatari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mwenye tukio tu.

4.0 Ndondi: Pale Sheria Inapomtaja Mlipaji

Mtu anaweza kusema kwamba tatizo la Burke ni tatizo la Marekani, nchi yenye matibabu ghali. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu nchi hiyo hiyo imeweka utaratibu tofauti kabisa kwa mchezo mwingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 kuhusu usalama wa ndondi za kulipwa inakataza kufanyika kwa pambano bila kila bondia kuwa na bima ya afya inayogharamia majeraha atakayoyapata katika pambano hilo. Sheria haiulizi uraia wa bondia. Anayetoka Moscow, Manila au Dar es Salaam analindwa sawa na anayetoka Las Vegas. Kwa maneno mengine, mlipaji ametajwa kabla ya kengele ya kwanza.

Lakini kumtaja mlipaji ni jambo moja, na kuweka kiwango cha kutosha ni jambo jingine. Tarehe 2 Novemba 2013, Magomed Abdusalamov, bondia wa uzito wa juu kutoka Urusi, alipambana katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akapigwa raundi zote kumi na kushindwa kwa pointi. Baada ya pambano aliondoka ukumbini na kufika hospitalini kwa teksi, wala si kwa gari la wagonjwa. Alikutwa na damu iliyovia kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji, akapoteza fahamu kwa muda mrefu, na akabaki na ulemavu mkubwa. Kiwango cha chini cha bima kilichotakiwa na jimbo la New York wakati huo kilikuwa dola 10,000. Kwa jeraha la ubongo katika hospitali ya mji huo, kiasi hicho huweza kwisha kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji.

Familia ilifungua kesi, na mwaka 2017 jimbo la New York likakubali kulipa dola milioni 22. Fedha hizo hazikutoka katika bima ya pambano. Zilitoka katika madai kwamba maofisa wa jimbo waliosimamia pambano hawakutimiza wajibu wao. Kabla ya hapo, mwaka 2016, jimbo lilibadilisha sheria: kiwango cha chini cha bima kikapanda hadi dola 50,000 kwa majeraha ya kawaida, na dola milioni moja ikatakiwa kwa majeraha ya ubongo yanayotishia uhai.

Mafunzo ya kisa hiki ni mawili. Kwanza, inawezekana kisheria kumlazimisha mwandaaji abebe gharama za mgeni aumiaye katika tukio lake, na ndondi ni ushahidi. Pili, kiwango kisichoendana na bei halisi za tiba humpa mchezaji karatasi ya bima, na kumwacha bila bima yenyewe. Ikumbukwe vilevile kwamba hata sheria hii inahusu pambano tu. Bondia anayeumia ubongo mazoezini, wiki mbili kabla ya pambano, hurudi pale pale aliposimama Burke.

5.0 Soka: Mlipaji wa Tiba na Ugomvi wa Mishahara

Soka ndiyo mchezo ambao kanuni zake zinaeleza jambo hili kwa uwazi zaidi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba chama cha taifa kinachomwita mchezaji hulipa gharama za safari yake, lakini klabu aliyosajiliwa ndiyo yenye wajibu wa kumkatia bima dhidi ya maradhi na ajali kwa kipindi chote anachokuwa na timu ya taifa, yakiwamo majeraha anayoyapata ndani ya mechi yenyewe. Kwa hiyo Mbwana Samatta alipokuwa mchezaji wa Genk ya Ubelgiji na kuitwa kuichezea Taifa Stars, wajibu wa bima haukuhamia kwa chama kilichomwita. Ulibaki kwa klabu ya Ubelgiji, hata kama mechi ilichezwa Dar es Salaam.

Klabu za Ulaya hazikuufurahia mpangilio huo. Mwaka 2004 Abdelmajid Oulmers wa klabu ya Charleroi aliitwa na Morocco kwa mechi ya kirafiki dhidi ya Burkina Faso, akaumia, na akakaa nje kwa takriban miezi minane. Klabu iliendelea kumlipa mshahara bila kumtumia. Ikaishtaki FIFA, ikiungwa mkono na umoja wa klabu tajiri za Ulaya wa wakati huo, na mwaka 2006 mahakama ya Ubelgiji ikalipeleka suala hilo katika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Hukumu haikutolewa kamwe. Mwaka 2008 pande zote zilipatana, kesi ikaondolewa, na mashirikisho yakakubali kuzilipa klabu kwa kuwaachia wachezaji katika mashindano makubwa.

Miaka minne baadaye, katika mkutano mkuu wa Budapest wa mwaka 2012, FIFA iliidhinisha mpango wa kuzilinda klabu. Mchezaji akiumia katika mechi ya timu ya taifa ya wakubwa iliyomo katika kalenda ya kimataifa, na akakaa nje kwa zaidi ya siku 28 mfululizo, klabu hurudishiwa mshahara wake hadi euro 20,548 kwa siku, kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na kwa jumla isiyozidi euro milioni 7.5 kwa ajali moja.

Mpango huu husifiwa mara nyingi kama bima ya wachezaji. Sifa hiyo si sahihi. Anayelipwa ni klabu, na kinacholipwa ni mshahara. Gharama za matibabu hazimo, na ulemavu wa kudumu na kifo havimo. Hilo haliwaumizi wachezaji wa klabu tajiri, kwa sababu klabu hizo zina madaktari, hospitali za mkataba na bima kamili. Linamgusa mchezaji wa klabu ndogo, ambayo kanuni inaitaka ikate bima lakini haina fedha za kuikata, au inakata ile ya bei rahisi kabisa. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Katika mzozo wa klabu na vyama vya taifa, pande mbili zenye nguvu zilipata suluhu ya kile zilichokuwa zikigombania, yaani mishahara. Suala la tiba halikuwa mezani kwa kuwa kwenye karatasi lilikuwa limekwisha kujibiwa.

6.0 Mwanamichezo wa Afrika Mashariki Ughaibuni

Wanamichezo wengi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia wanaoshindana nje ni wakimbiaji wa mbio ndefu, na wengi wao hukimbia mbio za barabarani za miji ya Ulaya, Asia na Amerika kwa mwaliko unaopatikana kupitia mawakala. Katika mpangilio huo, mkimbiaji si mwajiriwa wa mwandaaji, si mwajiriwa wa wakala, wala hayumo katika timu ya taifa. Matabaka ya pili na ya tatu huwa yametoweka tangu mwanzo. Wale ambao ni askari au watumishi wa idara za serikali wanaye mwajiri nyumbani, lakini mbio za zawadi ughaibuni ni shughuli binafsi, na si rahisi kuthibitisha kwamba jeraha lililopatikana huko limetokana na kazi.

Mwandaaji wa mbio hutoa huduma ya kwanza barabarani na gari la wagonjwa. Huduma hiyo hukoma mlangoni mwa hospitali. Kinachobaki ni bima ya safari, na hapa sheria za viza zina athari isiyotarajiwa. Kanuni ya viza ya nchi za Schengen ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji awe na bima ya safari yenye thamani isiyopungua euro 30,000, inayogharamia tiba ya dharura, kulazwa, na kurejeshwa nyumbani akiwa mgonjwa au maiti. Mkimbiaji anayekwenda Berlin au Amsterdam kwa hiyo husafiri na hati ya bima mkononi. Marekani haina sharti kama hilo kwa viza ya mwanamichezo, na anayekwenda Boston au Chicago anaweza kusafiri bila hati yoyote. Tatizo la hati ya Schengen ni kwamba hununuliwa ili kutimiza sharti la ubalozi. Ubalozi hutazama kiasi na tarehe. Kipengele cha michezo ya kulipwa hakimhusu ofisa wa viza, ilhali ndicho kitakachosomwa kwanza na kampuni ya bima siku ya ajali.

Baiskeli inatoa mfano wa njia nyingine. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, zinataka mwenye leseni ya mashindano awe na bima dhidi ya ajali na dhima kwa watu wengine, popote anaposhindana au kufanya mazoezi. Hapa bima imefungwa kwenye leseni, na leseni humfuata mchezaji. Katika ukanda ambao Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani mwezi Septemba 2025, kanuni hii haiko mbali. Ubora wake unategemea kiwango cha bima ambacho chama cha taifa kimenunua, lakini umbo lake ni sahihi kuliko yote yaliyojadiliwa, kwa kuwa linatambua kwamba mchezaji hubeba hatari kila siku, mazoezini na mashindanoni.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Visa vitatu vilivyojadiliwa vinatofautiana kwa mchezo, nchi na mwaka, lakini vinaonesha muundo mmoja. Kila mlipaji huilinda shughuli yake: shirikisho hulinda tukio lililoidhinishwa, klabu hulinda mkataba, mwandaaji hulinda siku za mashindano, na serikali hulinda bei za nyumbani. Mchezaji hupita katikati ya shughuli hizo, na muda wake mwingi huutumia katika mazoezi, ambayo kwa mtazamo wa bima mara nyingi hayana mwenyewe.

Kwa vyama vya riadha na ndondi vya Afrika Mashariki, pamoja na vyombo vinavyovisimamia kama Baraza la Michezo la Taifa nchini Tanzania, mapendekezo matatu yanafuata. La kwanza ni kuifunga bima kwenye usajili wa mchezaji wa kimataifa, kwa mfano wa leseni ya baiskeli, ili kinga isikatike anapotoka kambini. La pili ni kutotoa kibali cha kwenda kushindana nje mpaka chama kimeona hati ya bima inayotaja kwa maandishi kwamba mashindano na mazoezi ya kulipwa yamekingwa, kwa kiwango kinachoendana na bei za hospitali za nchi aendako mchezaji. La tatu ni kuingiza katika mikataba ya mawakala kifungu kinachomtaja mlipaji wa tiba na mlipaji wa usafiri wa mgonjwa kurudi nyumbani, kwa kuwa vitu hivyo viwili mara nyingi hulipwa na mifuko tofauti.

Hatua hizi zina gharama, na vyama vingi havina fedha. Hata hivyo, gharama yenyewe haikwepeki. Kinachochaguliwa ni nani ataibeba na lini. Isipolipwa kama ada ya bima kabla ya safari, hulipwa baadaye na familia, kwa kuuza shamba au kupitisha bakuli la mchango, katika siku ambazo ingepaswa kuwa na jambo moja tu la kushughulikia, nalo ni mgonjwa aliyelazwa mbali na nyumbani.